Rosa, Kazimoto, K au Okonkwo: Riwaya Ipi Isomwe Wazee na Vijana Wakikaa Baraza Moja?

Kila msimu wa korosho unapokwisha na fedha za mnada zikishaingia mikononi, watu wa hapa Mtwara hunijia na swali moja ambalo hubadilika maneno tu: ni riwaya gani inayoweza kusomwa na babu na mjukuu pamoja, bila mmoja wao kuhisi kwamba kitabu kimeletwa ili asutwe? Mwaka huu walioniuliza ni kikundi cha watu kumi na wawili wa Mikindani, nusu yao wamevuka miaka sitini na nusu yao hawajafika thelathini, ambao hukutana barazani kwa mzee mmoja Jumapili baada ya alasiri. Wanataka kuanza na kitabu kimoja, wakimalize, ndipo waamue kama waendelee au waachane. Kwa kuwa kitabu cha kwanza kikiwashinda hakutakuwa na cha pili, nimeona jibu langu niliandike kwa ukamilifu badala ya kuwatajia jina na kuondoka.

Vitabu ninavyovilinganisha ni vinne. Viwili ni vya Euphrase Kezilahabi, yaani Rosa Mistika ya mwaka 1971 na Kichwamaji ya mwaka 1974. Cha tatu ni Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 2001. Cha nne ni Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973 kutokana na riwaya ambayo Chinua Achebe aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1958. Viko vingine viwili ambavyo wanakikundi walivitaja wenyewe, nami nitavigusa kwa ufupi kwa sababu ambazo zitaonekana.

Kabla ya kupima vitabu ni lazima tukubaliane tunapima nini. Shuleni tumezoeshwa kuandika kwamba riwaya fulani inaonyesha mgogoro kati ya kizazi cha wazee na kizazi cha vijana, kana kwamba watu wote duniani wamepangwa katika mistari miwili. Watu wa kusini wana kipimo kingine, na kwa maoni yangu ni bora zaidi. Wavulana waliolala kumbi moja la jando ni rika moja, hata kama mmoja aliingia akiwa na miaka minane na mwenzake kumi na mitatu, nao hubaki kuwa rika hadi uzeeni. Vivyo hivyo wasichana waliochezwa unyago pamoja. Kinachowaunganisha ni jambo walilolipitia pamoja wakiwa bado wabichi, wala si mwaka wa kuzaliwa. Mwanasosholojia Karl Mannheim, mzaliwa wa Budapest, aliandika mwaka 1928 hoja iliyo jirani sana na hiyo: kizazi hufanywa na tukio kubwa linalowakuta watu katika ujana wao, na hata hapo watu wa kizazi kimoja wanaweza kulipokea tukio hilohilo kwa namna zinazopingana.

Ukikaa Mikindani jioni moja utawasikia watu wakijipima hivyo hivyo bila kumtaja Mannheim. Wamebaki wachache mno wanaokumbuka mradi wa karanga wa Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, pamoja na reli yake ambayo ilikuja kung'olewa. Wako waliokua wakiwaona wakimbizi wa Msumbiji wakivuka Rovuma baada ya vita vya kule kuanza mwaka 1964. Wako waliohamishwa katika operesheni ya vijiji mwaka 1974. Wako waliolala ukingoni mwa Rufiji wakisubiri kivuko, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, na wako vijana ambao kwao mwaka unaogawanya mambo ni 2013, mwaka wa vurugu za kupinga gesi ya Mtwara kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Hao wote wakikaa baraza moja si vizazi viwili, bali ni vinne au vitano, na riwaya inayojua vizazi viwili tu itawachosha kabla ya sura ya tano. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza. Cha pili ni kuuliza nani amepewa kinywa, maana katika riwaya anayesimulia ndiye aliyeshika meza, na kizazi chake huanza kesi kikiwa mbele.

Tuanze na Rosa Mistika, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo inayoogopwa zaidi. Zakaria, baba mlevi na mkali wa Ukerewe, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwakwepa wanaume kwa hofu wala si kwa uamuzi wake, na anapofika mahali ambapo hakuna wa kumchunga, uhuru unamlevya kuliko pombe ilivyomlevya baba yake. Mwisho anajiua. Msimulizi yuko nje ya hadithi, hasemi kwa kinywa cha baba wala cha binti, lakini jicho lake halimwachi Zakaria kupumua. Mzazi anayeisoma anajua mapema kwamba anaulizwa swali, nalo halina mlango wa nyuma: aliyemharibu Rosa ni nani, Rosa mwenyewe au aliyemfungia?

Kitabu hiki kilipigwa marufuku shuleni kwa madai kwamba kinaharibu maadili, kisha miaka ikapita na kikaja kusomwa na kuhakikiwa na wanafunzi walewale waliodhaniwa kwamba kitawaharibu. Neno halikubadilika hata moja. Waliobadilika ni wasomaji, na hasa wale wenye mamlaka ya kusema kitabu kipi kinafaa. Waliokuwa na umri wa Rosa mwaka 1971 walifikia umri wa Zakaria, na wakiwa wamekwisha kulea mabinti wao wenyewe waliyaona katika riwaya hiyo mambo ambayo wazazi wao walikuwa hawataki kuyaona. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba wahakiki walikikataa kitabu fulani, muulize kwanza ni wahakiki wa mwaka gani.

Kichwamaji ni jambo jingine kabisa. Hapa Kezilahabi amemwachia Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, asimulie mwenyewe kwa nafsi ya kwanza. Kila mzee tunayekutana naye kijijini tunamwona kupitia kwa kijana aliyerudi likizo akiwa hana uhakika wa Mungu, wa mila wala wa nafsi yake. Kwa kipimo changu cha pili, hii ndiyo riwaya inayowapendelea vijana kupita zote nne. Hata hivyo vijana hawapati ushindi wowote, kwa sababu Kazimoto naye anaishia kujiua, na mtoto aliyezaliwa wa rafiki yake ana kichwa kikubwa kupita kiasi, kama kwamba kizazi kinachofuata kimekwisha kulipishwa kabla hakijasema neno.

Nadhani kuna jambo ambalo maswali ya mitihani hulipita. Kitabu kinaanza na Kazimoto akisubiri mlangoni pa ofisi ya Manase, mtu wa kijiji chake na mwenzake wa tangu utotoni, ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya. Anayemsubirisha si mzee, na anayemharibia dada yake si mzee pia. Ni huyo huyo Manase. Kwa lugha ya kusini tungesema kwamba jeraha la Kazimoto limetoka kwa rika lake, na mtu aliyelala nawe kumbi moja akikufungia mlango, uchungu wake hauponi kwa kuwalaumu wazee. Ukiisoma Kichwamaji kama ugomvi wa baba na mwana utakipata nusu ya kitabu. Ukiisoma kama hadithi ya rika moja lililogawanywa na cheo na elimu, utakipata chote, na hapo ndipo vijana wa leo wanaoomba ajira kwa watu waliosoma nao wataanza kutazamana.

Wahakiki wa miaka ya 1970 waliipokea kwa mashaka. Ilikuwa ni miaka michache tu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na chuoni Dar es Salaam wengi waliipima fasihi kwa mchango wake katika kujenga jamii mpya, kwa hiyo kijana msomi anayejipiga risasi hakuwa kielelezo walichokitaka. Rajmund Ohly, mtaalamu Mpolandi wa Kiswahili, aliandika mwaka 1981 kitabu kizima juu ya nathari ya miaka hiyo, na katika jina lake aliiita nathari hiyo ya kishari. Baadaye walikuja wahakiki waliosoma falsafa ya udhanaishi, ile inayomwona binadamu kuwa ndiye anayejitafutia maana ya maisha yake, na kile kilichokuwa kikiitwa kukata tamaa kikaanza kuitwa tafakuri juu ya maana ya maisha. Kezilahabi mwenyewe naye alikuwa mhakiki. Tasnifu yake ya umahiri ya mwaka 1976 ilihusu riwaya za Shaaban Robert, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1909 na ambaye wahusika wake wema ni wema hasa na waovu ni waovu hasa. Kwa maneno mengine, kijana alikaa akampima mzee wa fasihi yetu kwa mizani ya kizazi chake, kisha yeye akapimwa na waliomfuata. Nalisema hili bila kejeli yoyote, kwa kuwa ndivyo fasihi inavyokua, lakini msomaji anayechagua kitabu kwa kufuata sifa za wahakiki anapaswa kujua kwamba mhakiki naye ana rika lake na kumbi lake.

Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Ivan Turgenev alipochapisha mwaka 1862 riwaya yake juu ya baba na wana, wahafidhina wa Urusi walimlaumu kwa kumtukuza Bazarov, kijana asiyeheshimu kitu, huku mhakiki Antonovich wa upande wa wanamageuzi akimlaumu kwa kuwachafua vijana, na Pisarev, naye kijana mwanamageuzi, akimpenda Bazarov na kumwona kuwa ndiye wao hasa. Pisarev na Antonovich walikuwa upande mmoja wa siasa, na bado kitabu kimoja kiliwapa majibu mawili. Mannheim asingeshangaa.

Babu Alipofufuka inageuza meza. Anayerudi kuhukumu ni marehemu. Babu anafufuka kutoka kaburini na kumwendea mjukuu wake, anayeitwa K tu, mtu mwenye cheo na maisha ya anasa, kisha anamtembeza na kumwonyesha nchi ilivyooza wakati yeye akistarehe. Said Ahmed Mohamed, Mpemba aliyezaliwa mwaka 1947, aliiandika kwa namna ya uhalisia wa kimazingaombwe, yaani maajabu yakisimuliwa kama mambo ya kila siku, na wahakiki huiweka pamoja na Nagona ya Kezilahabi ya mwaka 1990, Ziraili na Zirani ya William Mkufya ya mwaka 1999 na Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila ya mwaka 2002, chini ya jina la riwaya mpya. Naona uhakiki mwingi ulivutwa na upya huo wa fani, yaani wafu wanaozungumza na safari zisizofuata ramani, hata babu mwenyewe akasahaulika kidogo. Kwetu sisi wa pwani hilo la mfu kuzungumza na mjukuu wake halihitaji jina gumu. Mzee yeyote aliyewahi kupeleka ubani kaburini atalielewa kabla ya mwanafunzi wa chuo.

Ukiiweka mbele ya baraza lenye wazee, furaha ya kwanza itakuwa yao. Mwaka juzi niliwasomea wazee watatu kurasa za mwanzo, nao walitikisa vichwa kwa kuridhika kila babu alipomshika K pabaya, mpaka mmoja wao akauliza huyu K ana umri gani. Tukahesabu pamoja. Kitabu kimetoka mwaka 2001, na K si kijana wa kidato cha sita. Ni mtu mzima mwenye madaraka, aliyerithi nchi baada ya uhuru na kuipeleka alikoipeleka. Mtu wa namna hiyo leo angekuwa na mvi. Kukawa kimya. Yule mzee akafunga vifungo vya kanzu yake ambavyo havikuwa vimefunguka, akasema, "Kumbe mjukuu anayesutwa hapa ni sisi." Ndiyo sababu nakipenda kitabu hiki kuliko sifa za fani yake: kinawafanya wazee waingie wakiwa mahakimu na watoke wakiwa washtakiwa, bila kijana yeyote kufungua mdomo. Udhaifu wake kwa kikundi kipya ni kwamba hakisomeki kwa pupa. Msomaji asiyezoea hupotea katikati, na mtu akipotea mbele ya mkwe wake hatauliza njia.

Shujaa Okonkwo nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyonishangaza. Kwa miaka mingi imefundishwa kama riwaya ya Mwafrika na Mzungu, ingawa wamisionari hawaingii mpaka kitabu kimepita nusu yake. Kinachoanza tangu ukurasa wa kwanza ni ugomvi wa vizazi: Unoka, mpiga filimbi mpenda watu na mdaiwa wa kila mtu, mwanawe Okonkwo, ambaye maisha yake yote ni jitihada za kutofanana na baba, na Nwoye, mwana wa Okonkwo, anayekimbilia kwa wamisionari na kuitwa Isaac. Hapo ni vizazi vitatu, na kila kimoja kinakikataa kilichokitangulia. Msimulizi anazunguka kote kama mtu mzima anayejua kila nyumba, humfanya umhurumie Unoka ukurasa huu na umwelewe Okonkwo ukurasa unaofuata, wala hampi yeyote kiti cha hakimu. Kwa vipimo vyangu viwili, riwaya hii inapita.

Kuna kipimo cha tatu ambacho sikukifikiria mpaka siku nilipomsomea mjomba wangu. Sisi Wamakonde, kama walivyo Wamakua, Wayao na Wamwera, tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa jadi mwenye sauti juu ya mtoto ni mjomba kuliko baba. Riwaya hizi zote zimetoka mahali ambapo baba ndiye ukuta ambao mwana anaugonga kichwa. Mjomba alikuwa amekaa juu ya kigoda anabangua korosho zilizokwisha kuchomwa, vidole vimepakwa jivu ili utomvu usimuunguze, akigonga kwa jiwe na kutoa kiini kizima kizima bila kuangalia. Alisikiliza habari za Okonkwo na Nwoye kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani. Nilipofika mahali ambapo Okonkwo, baada ya kumuua mtu kwa bahati mbaya, anakimbilia kwa wajomba zake Mbanta kukaa miaka saba, na mjomba wake mzee Uchendu anawakusanya watoto wa ukoo na kumuuliza kwa nini watu huwapa mabinti jina lenye maana kwamba mama ni mkuu, jiwe lilisimama hewani.

"Soma tena hapo, mpwa wangu."

Nikasoma tena.

"Basi huyu mtu alikuwa na kwao," akasema, "na miaka saba yote kakaa anahesabu siku za kuondoka." Akagonga korosho nyingine, ikavunjika vipande, akaitupa kwenye sahani ya watoto. "Nilikuwa nadhani hawa watu hawana wazee, wana baba tu. Kumbe mzee alikuwepo, hakusikilizwa."

Nimesoma uhakiki mwingi wa Achebe, na sura hiyo ya Uchendu hutajwa, lakini mara nyingi hutajwa kama mapumziko kabla ya anguko. Kwa mjomba wangu ndiyo ilikuwa moyo wa kitabu: Okonkwo hakuangushwa na Wazungu peke yao, wala na mwanawe, bali alishindwa kuwa mpwa. Sitaki kudai kwamba Achebe alikusudia hivyo. Nasema tu kwamba barazani kwetu kitabu hicho kina mlango ambao Kichwamaji haina.

Kwa kipimo hicho hicho nilirudi kwa Rosa. Nilipouliza kikundi cha Mikindani wana maoni gani juu yake, bibi mmoja ambaye ni kungwi wa miaka mingi alisema kwamba Rosa asingefika huko kama angekuwa na somo wa kumwambia mambo ya mwili wake kabla baba hajashika fimbo. Binti mmoja mwalimu wa shule ya msingi akamjibu kwa adabu, macho chini: "Ni kweli, bibi. Lakini somo wangu alinifundisha kukaa na mume. Hakunifundisha kukaa na bosi anayenifungia mlango." Bibi hakukasirika. Alisema hilo halikuwepo wakati wao, kisha akajisahihisha kwamba lilikuwepo, ila halikuwa na jina. Mazungumzo hayo yalichukua muda mrefu kuliko yote tuliyofanya siku hiyo, na hata kitabu kilikuwa hakijafunguliwa.

Kwa hiyo sababu yangu ya kutoianza Rosa Mistika na kikundi hiki si kwamba ni dhaifu. Ni kwamba barazani pale ameketi mkwe na mkaza mwana wake, na mambo ya Rosa hayasomwi kwa sauti mbele ya ukwe. Anayesoma atayaruka, na kila mtu atajua kwamba ameruka. Nimependekeza isomwe na wanawake peke yao, bibi kungwi akiwepo, na yule mwalimu awe ndiye msomaji. Kichwamaji nayo ina mambo ya aina hiyo, na ina kifo cha kujiua kinachosimuliwa kwa utulivu unaotisha. Kijana aliye peke yake na aliyekosa kazi asiachiwe kitabu hicho kama dawa. Aisome na mtu aliyemtangulia miaka kumi hivi, mtu wa kati, ambaye bado anakumbuka mlango wa ofisi lakini amekwisha kuuvuka.

Vile vingine viwili nilivyoahidi havihitaji maneno mengi. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, inamhusu Yasmin, msichana wa Unguja wakati wa ukoloni aliyeozwa mwanamume wa umri wa baba yake, akakimbia na kukataliwa na wazazi. Ni riwaya tamu, na mwaka 2021 Amil Shivji aliitengenezea filamu. Tatizo ni kwamba imekuwa kitabu teule cha kidato cha tano na cha sita, na vijana wanne wa kikundi walikwisha kuijibia maswali. Riwaya ikishapita kwenye chumba cha mtihani huliwa kama samaki wa miiba, mtu anatafuta dhamira na kuogopa kumeza. Waipumzishe. Peponi ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022 kutokana na riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994. Yusuf, mwenye miaka kumi na miwili, anachukuliwa na mfanyabiashara ili kufidia deni la baba yake, na sijui mfano mkali zaidi wa kizazi kulipa kilichokopwa na kingine. Tuzo ya Nobel aliyoipata Gurnah mwaka 2021 iliwafanya watu wabishane zaidi kama mwandishi ni wetu au si wetu kuliko kubishana juu ya Yusuf. Naiona kuwa kitabu cha pili au cha tatu, kikundi kikishakuwa na pumzi ya safari ndefu.

Mtu mmoja aliuliza kwa nini nisiwape Wakati Ukuta ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, jirani yetu kabisa, ambaye Tatu wake anagombana na wazazi kwa sababu ya kutaka kwenda na wakati. Nakubali kwamba inafaa, na sauti zake zinasikika kama za nyumba ya pili. Lakini ni tamthilia, nao walitaka riwaya. Ikitokea Jumapili ya mvua watu wakawa wachache, waisome kwa kugawana nafasi.

Linabaki suala la kupata nakala, ambalo wachaguzi wengi hulisahau mpaka fedha zimekwisha kutoka mfukoni. Katika maduka ya vifaa vya shule hapa mjini utapata vitabu teule, kwa sababu wanafunzi huvinunua. Nje ya hapo ni kuagiza Dar es Salaam na kusubiri kifurushi kije kwa basi, zaidi ya kilomita 550. Shujaa Okonkwo ya Ndulute ni ya zamani, na nakala zangu mbili zimeliwa na mende pembeni, ingawa maneno yote yamesalimika. Nisingependekeza kitabu cha nakala mbili kwa watu kumi na wawili kama wangekuwa wa kusoma kila mtu chumbani kwake. Hawa wanasoma kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, kwa hiyo nakala mbili zinatosha na moja inabaki. Kama nisingekuwa nazo, ningewaambia waagize Babu Alipofufuka na wavumilie kurasa za katikati, na wala nisingejuta sana.

Basi nimewapa Shujaa Okonkwo, na Babu Alipofufuka ifuate. Nimewaomba jambo moja tu kuhusu namna ya kusoma: sehemu za Nwoye zisomwe na mzee kuliko wote, na za Unoka na madeni yake zisomwe na kijana mdogo kuliko wote, ili kila mtu atamke kwa kinywa chake maneno ya kizazi ambacho angekilaumu. Mwenye baraza amekubali, japo amesema Nwoye atamsumbua. Mjomba wangu, ambaye haishi Mikindani wala si mwanakikundi, ameomba apelekwe kwa bodaboda siku ya sura ya Uchendu, na asipewe mtu mwingine kuisoma.